Mpango wa tiba uliovunjikia mwaloni: kisa cha Doto, mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Kisa hiki si cha familia moja. Kimejengwa kutokana na hali zinazojirudia katika kaya za wavuvi wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze mpaka ng'ambo ya Sengerema na visiwani Ukerewe, na majina ni ya kupanga. Mtoto tumemwita Doto, pacha wa Kulwa, mkazi wa Igombe wilayani Ilemela. Tunamfuata tangu miezi 14 hadi miaka 7, kwa sababu mtindio wa ubongo, yaani kuumia kwa sehemu ya ubongo inayoongoza misuli, hautibiwi kwa mwezi wala kwa mwaka, na kwa sababu mpango wake wa kwanza wa tiba ulikuwa sahihi kitaalamu na bado ulishindwa.

Hali ilivyokuwa

Kulwa alizaliwa salama, akalia. Doto alichelewa karibu dakika 40, akatoka amelegea, hakulia, na siku ya pili akapata degedege. Pacha wa pili huwa katika hatari kubwa zaidi ya kukosa hewa, ndiyo maana mama mwenye mimba ya mapacha hushauriwa kujifungulia hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji, si zahanati.

Alipofikishwa kwenye huduma za utengamao, yaani za kumjengea mtoto uwezo wa mwili na wa shughuli za kila siku, alikuwa na miezi 14 na kilo 6.4. Kulwa alikuwa na kilo 9.2. Mzingo wa mkono wa Doto ulisoma sentimita 11.8, chini ya 12.5 inayotumika kutambua utapiamlo. Shingo haikukaza, ngumi zilikunjwa gumba likiwa ndani, na akinyanyuliwa kwa kwapa miguu ilipishana kama mkasi. Alitabasamu akimsikia mama yake, akamfuata Kulwa kwa macho. Hilo la mwisho halikuwa limeandikwa mahali popote kwenye daftari la kliniki, nalo ndilo lililokuja kuwa msingi wa mawasiliano yake.

Kabla ya hapo familia ilikwenda kwa mganga, ikaenda kwenye maombi, ikarudi hospitali mara kadhaa kwa homa ya mapafu. Hakuna cha kubeza hapo. Mzazi asiyeambiwa ugonjwa una jina gani atalitafuta jina hilo popote linapopatikana.

Mtindio wa ubongo hutambuliwa kwa historia na kwa kumpima mtoto kwa mikono na macho. Picha ya ubongo inasaidia ikipatikana, lakini tiba haina haja ya kuisubiri. Kwa Doto, viungo vyote vinne vilikuwa vimekaza, miguu zaidi. Katika mfumo wa makundi 5 ya uwezo wa mwendo uliochapishwa na watafiti wa Kanada mwaka 1997, baadaye aliwekwa kundi la 4: mtoto anayeweza kukaa kwa msaada na kusogea kwa kifaa, lakini hatarajiwi kutembea mwenyewe.

Chakula kabla ya mazoezi

Familia ilikuja ikiuliza mazoezi. Kazi ilianzia kwenye bakuli la uji, kwa kuwa mtoto mwenye njaa na kifua kibovu hana nguvu ya kujifunza kukaa.

Bibi ndiye aliyekuwa akimlisha. Alikaa kwenye kigoda, Doto amelala chali mapajani, kichwa kimeangukia nyuma juu ya kiwiko. Kijiko kikubwa kilimwaga uji mwepesi nyuma ya ulimi. Doto alijinyoosha mwili mzima, akakohoa, macho yakajaa machozi. Bibi akambana pua ili ameze. Mlo ulichukua saa nzima, na karibu nusu ya uji iliishia kwenye kanga.

"Bibi, tuombe tumkalishe kidogo, halafu utuambie kama anakohoa vilevile," mtaalamu alimwambia.

"Akikaa anateleza, mwanangu. Mgongo haumshiki."

Bibi alikuwa sahihi. Mtoto wa aina hii akikalishwa nyonga zikiwa zimenyooka, mwili wote unasukumwa nyuma na anateleza kweli. Dawa yake iko kwenye nyonga, si kwenye mgongo: zikunjwe mpaka mapaja yawe pembe mraba na kiwiliwili au zaidi kidogo, magoti yakunjwe, miguu ikanyage kitu. Bibi aliegemea ukuta, akainua goti moja kwa kuweka mguu kwenye tofali, Doto akakaa katikati ya mapaja yake akimwangalia, mabega yamesogezwa mbele, kidevu kimeinama kidogo. Koo la mtoto aliyeangalia dari liko wazi kuelekea kwenye mapafu. Akiinamisha kidevu, njia ya hewa hujikinga vizuri zaidi.

Kijiko kikawa kidogo na bapa, kikaingia kutoka mbele usawa wa mdomo, kikakandamiza kidogo katikati ya ulimi na kutoka bila kukwaruza meno ya juu. Kisha kusubiri ameze. Kusubiri ndiko kulikomshinda bibi wiki ya kwanza. Kumbana pua kulikatazwa moja kwa moja: mtoto anayelazimishwa kupumua kwa mdomo wakati una uji, anauvuta uji kifuani.

Uji wenyewe ulibadilishwa. Mwepesi unakimbia kuliko koo linavyoweza kujifunga, kwa hiyo ulipikwa mzito wa kudondoka kwa matone makubwa, usiotiririka. Kwa kila bakuli la robo lita kiliwekwa kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa, kijiko kimoja cha chakula cha unga wa dagaa na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula. Dagaa wawe wa kichanjani. Wanaoanikwa chini wana mchanga, na hata ukichekecha punje hubaki, zikamkwaruza na kumkohoza. Milo ikawa mitano midogo, kila mmoja usizidi dakika 30, maana baada ya hapo mtoto anachoka na kupaliwa kunaongezeka. Baada ya kula abaki wima nusu saa.

Miezi mitatu baadaye alikuwa na kilo 7.5, na hakuwa amelazwa tena kwa kifua. Sauti ikisikika yenye majimaji baada ya kula, au homa za kifua zikijirudia, familia ilielekezwa kurudi bila kusubiri tarehe.

Degedege na dawa

Doto alianzishiwa fenobabitoni. Miezi miwili ikapita bila degedege, vidonge vikaisha, na nyumbani wakaona amepona. Siku ya nne alipata degedege la muda mrefu kuliko yote yaliyotangulia. Dawa hii ikikatwa ghafla ubongo huamka kwa kishindo. Hupunguzwa polepole na daktari, tena baada ya muda mrefu wa utulivu. Kanuni ya nyumbani ikawa kufuata dawa nyingine vidonge vya siku 10 vikiwa bado vipo. Mtoto akishikwa alazwe ubavu, asiwekwe kijiko wala kidole mdomoni, asimwagiwe maji, saa itazamwe. Dakika 5 zikipita, hospitali.

Mpango ulioshindwa

Doto alipofika miezi 18 familia ilipewa karatasi ya mazoezi 12, kila moja mara 10, asubuhi na jioni. Kwa mtu aliyezoea ni kama dakika 45 kwa awamu. Mama alielekezwa vizuri, akayafanya mbele ya mtaalamu bila kosa. Baada ya nusu mwaka vifundo vya miguu vilikuwa vimekaza kuliko mwanzo: kisigino hakifiki tena chini goti likinyooshwa. Kwenye daftari iliandikwa kwamba mzazi hazingatii maelekezo.

Maneno hayo ndiyo tunayoyapinga. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo kaya hii ina kalenda mbili. Wakati wa giza baba yuko kambini kisiwani, na mama saa 10 alfajiri yuko mwaloni, ufukweni inakotia nanga mitumbwi ya samaki, akiisubiri. Anachukua ndoo zake, anaanika, anageuza, anaanua jioni, siku nyingine anapeleka mzigo soko la Mwaloni pale Kirumba. Pesa ipo, muda haupo. Mbalamwezi ikiingia baba yuko nyumbani anatengeneza nyavu, mama ana nafasi, na pesa inapungua kila siku. Karatasi ya mazoezi ilidhani kila siku inafanana na nyingine, na kwamba saa moja na nusu ya mikono miwili mitupu ipo mahali fulani. Haikuwepo.

Kuna kosa la pili, la kitaalamu. Kunyoosha msuli kwa dakika chache na kuuachia hakuzuii kukakamaa. Kinachosaidia ni mkao mzuri wa muda mrefu, na mtoto mwenyewe kufanya jambo analolitaka mara nyingi. Hata mama angefanya yote 12 bila kukosa, vifundo vile pengine vingekaza.

Mpango mpya

Karatasi ilitupwa. Badala yake familia iliulizwa siku yao inavyokwenda tangu alfajiri, na kila jambo la tiba likafungwa kwenye jambo linalofanyika hata hivyo. Kubeba: Doto alikuwa akibebwa mikononi miguu imebanana, akaanza kubebwa kiunoni au mgongoni kwa kanga, mapaja yametanuliwa. Hayo ni masaa ya kutanua nyonga kila siku bila kutenga hata dakika moja. Kuvaa: alazwe ubavu, magoti yakunjwe kwanza, maana mguu ulionyooka ukilazimishwa kuvuka suruali unakaza zaidi. Kuoga: maji ya uvuguvugu kwenye beseni, ngumi zifunguliwe kuanzia upande wa kidole kidogo, si kwa kuvuta gumba. Jirani alishauri apelekwe ziwani akachezeshwe majini. Hapana. Maji ya ukingoni yana kichocho, na mtoto huyu hana haja ya ugonjwa wa tatu.

Wakati wa giza yalibaki mambo matatu tu: mkao wa kula, kubebwa miguu imetanuka, na kiti. Mbalamwezi iliongeza kusimama, na hiyo ikawa kazi ya baba. Tarehe za kliniki zikahamishiwa siku za mwanzo za mbalamwezi, pesa ya giza ikiwa haijaisha, na dawa ikachukuliwa siku hiyohiyo ili nauli iwe moja.

Baba hakuipokea kazi kirahisi. Upande wa kwao kulikuwa na maneno kwamba tatizo limetoka ukoo wa mke, na hakuwahi kuketi na mtaalamu hata mara moja. Kikao kilipangwa nyumbani mwezi ulipokuwa mkubwa.

"Baba Kulwa, Doto hakurogwa na hakurithi. Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, sehemu ya ubongo inayoongoza misuli ikaumia. Haitaongezeka kuumia, lakini misuli isipotunzwa itaharibika."

Alikaa kimya, kisha akauliza fremu ya kusimamia inatengenezwa kwa mbao gani. Ni fundi wa mitumbwi. Alitengeneza ya kwanza kwa siku mbili: ubao wa kuegemea kifua, mkanda wa makalio, mkanda wa magoti, na kipande katikati kinachotenganisha miguu. Doto alianza na dakika 10 akiwa amesimama mbele ya meza yenye vikombe, na baada ya miezi michache alifika dakika 45.

Kiti cha maboksi

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu kiti kibovu ni kibaya kuliko kukosa kiti. Ufundi wa karatasi ulioanzia Zimbabwe unatumia maboksi ya dukani na gundi ya unga. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kinakorogwa kwa maji ya baridi, kinamiminiwa vikombe vitano vya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka kiwe kizito chenye kung'aa. Vipande vya boksi vinabandikwa tabaka kwa tabaka, mistari ya tabaka moja ikikata ya lingine, mpaka ubao ufike unene wa sentimita 3 hivi. Vinalazwa chini ya mawe, ambayo Mwanza hayajawahi kuadimika, visipinde vikikauka. Ubao ukatwe ukiwa mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu katikati utaota ukungu na kulegea mtoto akiwa amekalia. Viungio hufunikwa kwa vipande vya karatasi vilivyochanwa kwa mkono, kwa kuwa ukingo uliochanwa hushika kuliko uliokatwa kwa mkasi. Mwisho ni vanishi mikono miwili au mitatu.

Vipimo ndivyo vinavyokosewa. Mtoto apimwe amekalishwa wima na mtu mwingine, siyo amejikunja. Kina cha kiti ni kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukitoa sentimita 2. Kiti cha kwanza cha Doto kilizidi kwa sentimita 4 "ili akue nacho". Makalio yakateleza mbele kufuata ukingo, mgongo ukajikunja, na akarudi kukohoa wakati wa kula. Kilipunguzwa kwa kuwekewa ubao nyuma. Upana ni nyonga pamoja na sentimita 1 kila upande. Kimo ni kutoka chini ya paja hadi kisigino, miguu ikanyage bapa. Meza iwe usawa wa viwiko. Mkanda wa kwanza ni wa nyonga, ukivuta kwa mshazari kuelekea chini na nyuma, kwa kuwa ndio unaozuia kuteleza. Wengi hufunga kifua kwanza, mtoto anateleza chini na mkanda unapanda shingoni. Hilo ni hatari ya kifo.

Kiti kisikae juu ya udongo wala kuachwa nje mvua inaponyesha. Mchwa na maji hukimaliza. Hata kikitunzwa, kwa umri huu kinazidiwa kimo ndani ya mwaka mmoja au kidogo zaidi.

Kiti kilipokuwa sawa Doto alikaa kando ya kichanja, kivulini, akichambua dagaa na Kulwa. Alichambua wachache sana. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa unafunguka na kushika mara nyingi kwa asubuhi moja, mara nyingi kuliko zoezi lolote lililoandikwa.

Nyonga

Kuanzia miaka 4 Doto alianza kulia akibadilishwa nguo. Nyumbani walisema anadeka. Eksirei ya miezi 30 ilikuwa imeonyesha asilimia 22 ya kichwa cha mfupa wa paja la kulia iko nje ya kikombe chake. Sasa ilikuwa 34. Ikipita 30 inafuatiliwa kwa karibu, ikipita 40 mara nyingi mazungumzo yanakuwa ya upasuaji. Watoto wasiotembea wako katika hatari kubwa ya nyonga kuchomoka polepole, tena wengine bila maumivu, kwa hiyo picha hupigwa kwa ratiba na si kwa kilio. Muda wa kusimama miguu imetanuliwa uliongezwa, mto wa kutenganisha mapaja ukawekwa usiku, na eksirei ikapangwa kila miezi 6. Alipata pia banzi la plastiki la kuvaa ndani ya kiatu. Lilimchubua kisigino wiki ya kwanza, likarudishwa kwa fundi likapanuliwa kwa joto. Ngozi iliyobaki nyekundu zaidi ya dakika 20 baada ya kuvua ina maana kifaa hakifai kama kilivyo.

"Atatembea lini?"

Mama aliuliza hivyo kila kliniki, na kwa miaka mitatu alijibiwa "endelea na mazoezi". Jibu hilo ni la woga, na linamtesa mzazi: mtoto asipotembea, maana yake mama hakuendelea vya kutosha. Kwa watoto wa kundi la 4 sehemu kubwa ya uwezo wa mwendo hufikiwa kabla ya miaka 5. Doto alipofikisha miaka 4 na nusu mama aliambiwa waziwazi, bibi akiwepo, kwamba hatatembea mwenyewe. Alilia. Wiki mbili baadaye alirudi akiulizia kiti mwendo, jambo alilolikataa mwaka mzima kwa kuona ni kukata tamaa.

Kiti mwendo cha Igombe hakiwezi kuwa cha korido za hospitali. Magurudumu membamba ya mbele yanazama kwenye mchanga na kukwama kwenye mawe. Alipimiwa chenye gurudumu moja kubwa mbele, kirefu, kinachovumilia njia mbovu. Choo cha nyumbani kikawekewa kigoda chenye tundu na mahali pa kushika.

Mama mwenyewe alikuwa na maumivu ya mgongo, na kulikuwa na siku ambazo hakuona sababu ya kuamka. Hilo liliulizwa kwa swali la moja kwa moja, nyumbani, bila bibi kuwepo. Kikundi cha wazazi sita wa mtaa kikaanzishwa kwa msaada wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Hukutana mbalamwezi, na wakati wa giza wanapokezana kukaa na watoto. Mtu anayekaa na Doto lazima awe amemlisha mara tatu mbele ya mama. Sharti hilo halilegezwi.

Shule

Doto haongei maneno yanayoeleweka na wageni, lakini anaelewa. Kuangalia juu ni ndiyo, kuangalia pembeni ni hapana. Picha 9 zimebandikwa kwenye meza ya kiti: maji, choo, naumwa, Kulwa, na nyingine. Alipelekwa kupimwa kwa ajili ya shule yenye kitengo cha elimu maalum, kupitia afisa ustawi wa jamii na afisa elimu wa kata. Shule ya kwanza ilisema haina mtu wa kumpeleka choo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu, na barua iliyotaja sheria hiyo, pamoja na ripoti ya upimaji na karatasi moja ya maelekezo ya kumlisha na kumkalisha, ilisaidia kuliko kusihi.

Sasa ana miaka 7 na kilo 15. Anakunywa kwa kikombe chenye vishikio viwili, anakaa sakafuni kwa kujiegemeza mikono dakika chache, nyonga imesimama kwenye asilimia 35. Kazi za mwaka huu ni kiti kipya, kuhamishwa kitandani na watu wawili badala ya mmoja, na kumfundisha shangazi kumlisha kwa kuwa bibi mikono imeanza kutetemeka. Kulwa aliulizwa kama anataka kumsukuma Doto shuleni kila siku. Akasema asubuhi sawa, mapumziko hapana, anacheza mpira. Imeandikwa hivyo kwenye mpango, na mwalimu wa kitengo ndiye atakayekuwa na Doto wakati wa mapumziko.